MGONGO WA MFANYA KAZI

(Maneno yaliyosemwa na katibu wa afya na usalama wa tawi letu mbele ya wanachama, Kaptembwo, Nakuru. Yamechapwa hapa kwa ombi la wale waliokosa nafasi ya kuingia ndani.)



Nimepewa nusu saa na nimeonywa nisizidi, kwa kuwa wengine wenu mnaingia zamu ya usiku, na wengine, nawaona kule nyuma, hamwezi kukaa juu ya benchi hata hiyo nusu saa. Basi anayetaka kusimama na asimame, na anayetaka kutembeatembea kando ya ukuta na atembee. Sitaona kuwa amenikosea adabu. Kwa habari ya leo kutembea ni sehemu ya dawa, kama mtakavyosikia.

Habari yenyewe ni maumivu ya mgongo. Atakayeamka saa kumi na moja alfajiri na kusimama kando ya njia hapa Kaptembwo atawaona watu wakitoka katika vyumba vyao kwenda sokoni, kwenda viwandani, kwenda mjengoni, na wengi mkono mmoja umeshika kiuno. Wazee wetu waliita hali hiyo uzee. Lakini mimi nawaona vijana wa miaka 28, miaka 30. Hao si wazee.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe, ili msidhani nasema mambo ya kusoma tu. Mimi nilipakia magunia katika ghala moja kwa miaka mingi. Gunia la mahindi tulilolizoea ni la kilo 90. Siku moja asubuhi na mapema niliinama kushika pembe za gunia pamoja na mwenzangu, nikasikia kitu kimekatika kiunoni kama kijiti kikavu, na moto ukateremka mguu wa kushoto mpaka kwenye kidole gumba. Msimamizi akasema, "Nenda ukalale, utapona." Nikaenda, nikalala kitandani wiki tatu. Nilipoamka nilikuwa dhaifu kuliko siku niliyolala. Tena nilipokwenda kudai gharama za matibabu niliulizwa neno moja tu: "Imeandikwa wapi kwamba uliumia hapa?" Haikuandikwa popote. Nilifanya makosa mawili siku ile, la kulala wiki tatu na la kutoandika, na leo nitasema juu ya yote mawili.

Kwanza tujue mgongo umejengwaje. Uti wa mgongo una pingili 33. Saba ni za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, na zilizobaki zimeungana pamoja chini mpaka kifandugu. Kati ya pingili zile zinazosogea kuna kitu ambacho madaktari hukiita diski. Msifikiri ni sahani ngumu. Fikirini gurudumu dogo la gari: nje pana nyuzi ngumu zilizofumwa tabaka juu ya tabaka, na katikati pana ute mzito kama uji wa wimbi uliopoa. Ute ule unashika maji mengi sana, na maji ndiyo yanayobeba mzigo. Ukisimama, ukiruka, ukibeba debe, ute unasukuma pande zote, nyuzi zinaushika, na mfupa haugongani na mfupa.

Maji hayo hutoka mchana kwa kukandamizwa, na usiku ukilala hurudi. Ndiyo maana kila mtu ni mrefu asubuhi kuliko jioni, kwa kadiri ya sentimita moja au zaidi kidogo. Pima mtoto wako ukutani asubuhi na jioni utaona. Lakini jambo hilo lina upande mwingine unaowahusu wapakiaji wa sokoni. Asubuhi diski imejaa maji, imevimba, nyuzi zimekazwa, na mtu akiinama sana wakati huo anaivuta kwa nguvu kuliko saa nyingine. Na ninyi mnafanya nini? Mnatoka kitandani saa tisa za usiku, lori la viazi kutoka Molo au Mau Narok limekwisha fika, nanyi mnainama juu ya gunia la kwanza kabla ya kunyoosha hata mkono. Saa ya kwanza baada ya kuamka ni saa mbaya ya kuinama. Tembeeni kwanza. Anzeni na kazi ya kusimama, kufungua turubai, kupanga mbao. Hiyo haina gharama.

Sasa jambo lingine. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake hupenya polepole kutoka katika mfupa ulio juu na ulio chini, kama maji yanavyopenya katika udongo. Kwa hiyo ikichanika, haiponi upesi kama kidonda cha mkono. Na tangu ujana, kwa wengine hata kabla ya miaka 30, ute ule huanza kupoteza maji yake, diski inakonda, nyuzi zinapata nyufa. Hapo ndipo watu husema diski imeoza au imekwisha. Mimi neno hilo silipendi, maana humtia mtu hofu akadhani mgongo wake ni nyumba iliyoliwa na mchwa, itaanguka kesho.

Kwa muda mrefu watu walidhani maumivu hutoka kwa kubanwa tu. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walieleza kwamba ute unaweza kupenya katika ufa wa nyuzi, ukatoka nje na kukandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Wako watu wengi ambao diski zao zimetoka nje na hawaumwi hata kidogo. Na wako wengine kitu kimetoka kidogo tu kama punje ya mtama nao wanalia. Kwa nini?

Mwaka 1993 huko Sweden watafiti walichukua ute wa ndani ya diski za nguruwe, wakauweka juu ya mishipa ya fahamu ya nguruwe haohao bila kuikandamiza. Mishipa ile ikaharibika kazi yake hata hivyo. Ndipo ikaonekana kwamba ute ule wenyewe ni mkali. Ukikaa ndani ya diski hauna neno, lakini ukitoka nje mwili unauona kama mgeni aliyeruka ua. Askari wa damu wanafika, wanamwaga dawa zao za vita, na mahali pale panavimba na kupata moto kama jipu linavyofanya, ingawa hapana usaha wala mdudu. Huo uvimbe wa moto ndio unaochoma mshipa. Ndio unaokuamsha saa nane za usiku, ndio unaofanya kupiga chafya kuwa adhabu.

Lakini askari haohao wanaoleta moto ndio wanaosafisha. Wanakula kile kipande kilichotoka, kidogo kidogo, mpaka kinanywea, na mara nyingi vile vipande vikubwa ndivyo vinavyoliwa zaidi. Ndiyo sababu watu wengi wenye mgongo ulioshika ghafula hupata nafuu ndani ya wiki sita, na hata wale ambao moto unashuka mguuni wengi wao hutulia katika miezi michache bila kisu. Laiti mtu angaliniambia hayo nilipokuwa nimelala pale kitandani nikihesabu mabati!

Nataka kusema juu ya picha. Wako ndugu zetu waliouza mbuzi na wengine shamba ili wapigwe picha ya MRI. Picha inatoka, imeandikwa kwamba diski mbili zimekonda, na mtu anarudi nyumbani amevunjika moyo kuliko mgongo. Basi sikilizeni. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya uchunguzi wa picha za watu wasioumwa mgongo hata kidogo, maelfu yao. Katika wale wa miaka 20, watu 37 katika kila mia walikuwa na diski zilizochakaa. Katika wale wa miaka 80, watu 96 katika mia. Na hawakuumwa! Kwa hiyo picha iliyoonyesha diski iliyochakaa haijasema bado kwamba hapo ndipo maumivu yanapotoka. Ni kama mvi kichwani. Daktari mwenye akili huuliza kwanza, hugusa, hupima nguvu za miguu, ndipo akaagiza picha ikiwa kuna sababu.

Sasa kosa langu la kwanza, kulala. Mwaka 1995 huko Finland walichukuliwa wafanya kazi 186 wa manispaa ya Helsinki walioshikwa na mgongo. Wengine wakaambiwa walale siku mbili, wengine wakapewa mazoezi maalumu, na wengine wakaambiwa waendelee na mambo yao ya kila siku kadiri maumivu yanavyowaruhusu. Waliopona upesi na kurudi kazini upesi ni hao wa mwisho, na waliochelewa kupona kuliko wote ni wale waliolala. Siku mbili tu! Mimi nililala ishirini na moja. Angalieni, sisemi mtu arudi chini ya gunia kesho yake, na tajiri yeyote asiyachukue maneno haya kwa upande wake. Nasema atembee, apike chai, aende dukani, asilale kama maiti. Gunia ni habari nyingine.

Na mwaka 2024 huko Australia walipimwa watu 701 waliokuwa wamepona mgongo karibuni. Nusu wakapewa mpango wa kutembea na kufundishwa juu ya mgongo wao, nusu hawakupewa kitu. Wale wa kutembea wakakaa siku kama 208 kabla ya mgongo kuwarudia, na wale wengine siku 112. Mtaniambia, "Katibu, sisi twatembea kila siku, kwa kukosa nauli." Ni kweli, na huenda mgongo wa wengi umesalimika kwa ajili hiyo bila wao kujua. Maneno haya nawaambia hasa madereva wa matatu na lori, vijana wa bodaboda, na mafundi cherehani, mnaokaa mchana kutwa, na wengine mnatikiswa juu ya barabara zenye mashimo. Shukeni kila mnapopata nafasi.

Nije kwenye dawa. Katika duka la dawa hapa mtaani mtu huingia ameinama, hasemi neno, naye hupewa diclofenac kwa mazoea, tembe au sindano. Dawa hizo, pamoja na ibuprofen, ni za kupunguza ule uvimbe wa moto niliousema, na kwa siku chache zinasaidia. Lakini nimewaona watu wanazimeza miezi sita mfululizo, juu ya tumbo tupu, ili wamalize zamu. Dawa hizo hutoboa tumbo, huharibu mafigo, hupandisha presha. Mtu akitapika vitu vyeusi kama unga wa kahawa, au choo kikawa cheusi kama lami, aende hospitali saa ileile. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa mafigo asizinunue kabla ya kuonana na daktari. Tena msikubali tembe zisizo na jina, zilizofungwa katika kipande cha gazeti. Nyingine zina prednisolone au dexamethasone ndani yake. Mtu hujisikia kijana wiki mbili, uso unajaa ukawa mviringo, kisha sukari inapanda na mifupa inalainika. Dawa hizo zina kazi yake, lakini si kwa kuzimeza gizani.

Shirika la Afya la Dunia lilitoa mwongozo wake Desemba 2023 juu ya mgongo unaouma kwa muda mrefu, baada ya kuhesabu kwamba watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu hayo mwaka 2020. Lilisema mtu afundishwe ugonjwa wake, afanye mazoezi, aweza kutumia dawa za uvimbe kwa uangalifu. Na lilitaja mambo ambayo halishauri yafanywe siku zote, kama vile kuvaa mshipi wa mgongo, kuvutwa kwa mizani, na dawa kali za jamii ya afyuni. Kumwita mtoto apande akukanyage mgongoni halikutaja. Hilo ni letu wenyewe. Ikiwa unaona raha, ni raha yako, lakini diski hairudishwi mahali pake kwa kisigino cha mtoto.

Sasa nawaombeni mnyamaze kabisa, maana sehemu hii nimeibeba moyoni miaka mingi.

Nilikuwa nimekwisha pona, nimekuwa mshauri wa kila mtu. Mwenzetu mmoja wa kazi akanijia, mgongo unamuuma, katikati, chini ya mabega. Nikamwambia kwa kiburi changu, "Ni diski tu, tembea utapona." Akatembea. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Alikuwa anakonda, nami nikasema ni mawazo. Alikuwa anatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, nami nikasema ni joto la mabati. Siku moja miguu ikakataa kumbeba. Kumbe ilikuwa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ugonjwa ambao daktari Percivall Pott wa London alikwisha uandika mwaka 1779. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali. Angalipimwa mwezi wa kwanza angalitembea mpaka leo. Alipona kifua kikuu, lakini miguu haikurudi yote.

Kwa hiyo tangu siku ile kabla ya kumwambia mtu "tembea" humwuliza kwanza. Je, unakonda? Una homa, au jasho la usiku? Maumivu yanazidi usiku hata umelala umetulia? Ulianguka kutoka juu? Uliwahi kuwa na saratani? Je, unakunywa maziwa mabichi, au unachinja, au unazalisha mbuzi? Hili la mwisho huwashangaza watu, lakini katika Bonde la Ufa ni swali la maana. Uko ugonjwa uitwao brusela, utokao kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, unaoleta homa ijayo na kuondoka na kuuma viungo na kiuno, na mtu aweza kutibiwa "diski" mwaka mzima wakati alihitaji kupimwa damu. Chemsheni maziwa.

Na liko jambo moja lisilongoja hata kesho. Mtu mwenye mgongo akishindwa kukojoa, au mkojo na choo vikamtoka bila kujua, au akapata ganzi mahali pa kukalia na katikati ya mapaja, au miguu yote miwili ikalegea, huyo apelekwe hospitali kubwa siku ileile, hata kwa kukodi gari usiku. Mishipa ya chini imebanwa yote pamoja, na kila saa ina hesabu yake. Kwa habari ya gharama, tangu Oktoba 2024 NHIF imekwisha, mambo yako kwa SHA. Asiyejiandikisha amwone karani wetu pale mlangoni kabla hajaondoka.

Nimebakiwa na mzigo wenyewe.

Chukueni mtungi wa maji wa lita 20, ambao kila mama hapa anaujua. (Tumekuwa jiji tangu Desemba 2021, lakini mitungi tunabeba bado.) Mtungi una kilo 20. Misuli inayonyoosha mgongo iko karibu sana nyuma ya diski, kama sentimita 5. Ukiinama na kuushika mtungi mbele yako, mbali sentimita 50, ni sawa na mzani wa mkono ambao upande mmoja ni mrefu mara kumi kuliko mwingine. Misuli italazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 200 ili kuinua kilo 20, bado hujahesabu uzito wa kifua na kichwa chako. Na nguvu ile yote inaikandamiza diski. Ukiusogeza mtungi karibu na mwili, sentimita 25, nguvu inashuka mpaka 100. Ndiyo maana ya "shika mzigo karibu."

Sasa hesabuni lumbesa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lakini mmeyaona wenyewe magunia yaliyoongezwa kofia juu na kushonwa kwa kamba, yenye kupita kilo 110 na zaidi. Watu husema lumbesa ni wizi kwa mkulima. Ni kweli. Lakini mkulima anaibiwa viazi, na mpakiaji anaibiwa diski. Zamani zile za misafara ya kutoka pwani kwenda bara, wakati watu walipohesabiwa kama punda, mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Wataalamu wa Marekani mwaka 1991 walianza hesabu yao kwenye kilo 23, na hapo mzigo uko karibu, una mishikio, wala mtu hajipindi.

Na yale mabango ya ukutani yanayosema "kunja magoti, nyosha mgongo"? Mimi sina ugomvi nayo. Lakini uchunguzi mwingi uliokusanywa umeonyesha kwamba kufundisha watu namna ya kuinua peke yake hakukupunguza maumivu ya mgongo kazini. Bango ni rahisi kuliko kununua mkokoteni wa ghalani, basi tajiri hununua bango. Ukiumia, anakuonyesha bango. Wajumbe wetu wa mapatano watadai vitu vitatu: magunia ya kilo 50, mikokoteni na mbao za kuteremshia, na watu wawili kwa kila mzigo mzito. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamkataza mwajiri kumtuma mtu kubeba mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru. Tena yasema mahali penye watu 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo. Ni wangapi hapa wameiona kamati hiyo? Nyosheni mikono. Nimeona mikono minne.

Kosa langu la pili, kutoandika. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya 2007 pia, yataka mwajiri apewe habari ya ajali, kwa mdomo au kwa maandishi, naye ndani ya siku saba aipeleke kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai yaletwe kabla ya miezi 12 kupita. Mgongo una hila moja: leo unasikia kijiti kimekatika, unajikaza, unamaliza zamu, na baada ya siku tatu ndipo unashindwa kuamka. Hapo husemwa uliumia nyumbani ukihamisha kitanda. Kwa hiyo siku ileile sema, na andika. Na aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka, akileta cheti cha daktari. Siku hizo si za kulala, nimekwisha sema.

Nusu saa yangu imepita. Ulizeni.

(Maswali machache yaliyoulizwa na majibu yake.)

Kijana wa ghalani: Msimamizi wetu asema ugonjwa huu ni wa kurithi, si wa kazi. Je, ni uongo?

Jibu: Si uongo wote. Mapacha walipochunguzwa huko Finland ilionekana kwamba kuchakaa kwa diski hufuata sana damu ya wazazi, kupita tulivyodhani, na kazi ilikuwa na sehemu ndogo. Sigara nayo ina sehemu yake. Lakini hapo wanazungumza juu ya diski inavyoonekana katika picha, nami nimekwisha kuwaambia kwamba picha ni jambo moja na maumivu ni jingine. Tena, kama baba yako alikuachia diski dhaifu, hiyo ni sababu ya kukupunguzia gunia. Mwambie hivyo kwa heshima.

Mama wa viazi: Sisi twabeba mgongoni kwa kamba ya kipaji, na wenzetu kutoka Nyanza wabeba kichwani. Ipi ni bora?

Jibu: Mwaka 1986 lilichapwa katika gazeti la sayansi la Nature jambo lililopimwa hapa Kenya, kwa wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa kamba. Walionekana kubeba mzigo wa sehemu moja katika tano ya uzito wao bila kutumia pumzi zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Waliopima walishangaa. Lakini, mama, hiyo ni hesabu ya pumzi, si ya diski wala ya shingo. Kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 12 tu. Hatari kubwa kwenu ni kule kuinuka na mzigo kutoka chini. Wekeni magunia juu ya meza au ukuta mfupi, mtu ajitwike akiwa amesimama, na mwenzake amsaidie.

Swali la tatu liliulizwa nje, kwa sauti ya chini, na bwana mmoja ambaye mkewe alikuwa ndani. Jibu ni kwamba haikatazwi, bali wajaribu kulala ubavu, na asijikaze kuonyesha uhodari.

Kibarua wa mjengo: Mimi sina mkataba wa karatasi, nalipwa jioni. Nikiumia, nani ataniandika?

Jibu: Jiandike mwenyewe. Siku, saa, mahali, ulikuwa unainua nini na kwa uzito gani, nani alikuwa karibu. Simiti ni kilo 50, hapo huna haja ya mzani. Kisha mpelekee fundi au msimamizi ujumbe wa simu palepale, useme, "Nimeumia mgongo leo nikipandisha simiti ghorofa ya pili." Ujumbe una tarehe na saa yake, usiufute. Hata akikataa kujibu, umepelekwa. Halafu njoo ofisini na simu hiyo. Daftari liko kwa mweka hazina, jalada lake ni jekundu, na ofisi hufunguliwa Jumamosi hadi saa nane.

(Waliojiandikisha katika daftari hilo jioni ile ni watu kumi na saba. Mmoja wao ametumwa hospitali kupimwa kifua kikuu, na majibu yake bado hayajafika.)